Mwewe juu, vifaranga chini: majibu kwa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kiangazi kikishakolea, mashamba yakabaki mabua na milima ikaanza kuungua, barua za kuwalalamikia mwewe huzidi barua nyingine zote za ufugaji. Safari hii tumezikusanya pamoja. Tumezifupisha, na majina ya waandishi hatukuyaweka.

SWALI: Habari za kazi. Kuku wangu aliangua vifaranga 12, sasa amebaki na wanne, na hata wiki tatu hawajafikisha. Majirani wanasema ni mwewe, baba watoto anasema ni paka. Sijaona damu wala unyoya. Nitamjuaje mwizi? (Mafinga)

Salama mama, na pole. Kabla ya kumtaja mtu, jua kwanza wanapotea saa ngapi. Kwa siku tatu wahesabu mara tatu: asubuhi kabla hujafungulia, saa 7 mchana, na jioni wakishaingia. Andika. Idadi ikipungua usiku, mwewe hana kesi, maana jua likizama naye analala.

Wa usiku ni hawa. Panya buku huchukua vifaranga wa chini ya wiki mbili na kuwaburuta hadi shimoni. Chunguza pembe za banda, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu, utakuta tundu na pengine vijiguu mlangoni mwake. Kicheche haondoki na mmoja. Akiingia huuma shingo za wengi na kuwaacha chini, hivyo asubuhi unakuta maiti, si upungufu. Nyoka humeza kimyakimya, naye hupita penye upenyo ambao hungedhani. Kenge yeye ni wa mchana, naye tunamweka pembeni kwa sababu ya baridi ya Mafinga. Ungekuwa Usangu au Kyela tungeanza naye.

Idadi ikipungua mchana, watuhumiwa wanabaki wanne. Nguchiro hutokea kichakani, huburuta, na mara nyingi utaona majani yaliyolala au manyoya machache kuelekea alikotokea. Kunguru hutua kabisa, hutembea, na aghalabu huja wawili: mmoja anamchokoza mama, mwingine anadokoa. Ukiwa na kunguru wa aina hiyo, mayai nayo yatakuwa yanatobolewa. Paka huvizia vifaranga waliobaki nyuma ya kundi na kwenda kuwalia mafichoni, kwa hiyo shemeji hajasema uongo. Tazama chini ya ghala na nyuma ya choo. Mwewe ndiye asiyeacha kitu. Hushuka kimya, hunyakua kwa kucha bila kutua, na kifaranga ameshapaa kabla mama hajamaliza kupiga kelele.

Mwewe utamjua kwa mkia. Ni wa kahawia, mdomo wa njano, na mkia una panda katikati. Akizunguka angani anaupinda huku na huku wakati mabawa yametulia. Ukiona ndege mkubwa juu ya uwanja ambaye mkia wake ni wa duara au umekatika sawasawa, huyo si mwewe, na pengine kuku hawamhusu kabisa.

Sasa jambo la kukupa moyo. Mwewe mwenyewe hafikii kilo moja, kwa hiyo mzigo anaoweza kuruka nao ni mdogo. Kifaranga wa kienyeji akifika wiki ya 8 amekuwa mzito, ana mbio, na amejifunza kulala chini au kukimbilia uvunguni mama akilia. Kazi yako basi si kupigana na mwewe mwaka mzima. Ni kuwalinda vifaranga kwa wiki nane: wiki nne za kwanza wasitoke kabisa nje ya kizimba, na wiki nne zinazofuata watoke kwa saa chache, mahali penye vivuli, mtu akiwepo. Wengi hupoteza vifaranga kwa sababu huwafungulia siku ya tatu ili mama "akawatafutie", nao kumbe wamewekwa mezani.

SWALI: Shikamooni. Naomba vipimo vya kizimba cha kuhamishika. Fundi wa huku alinitengenezea kimoja, vifaranga wakawa wanatoka wenyewe kupitia kwenye wavu, na mvua ikawalowesha wote. (Tukuyu)

Marahaba. Fundi wako alitumia wavu wa matundu ya inchi moja. Kifaranga wa wiki moja anapenya hapo bila shida. Chukua wenye matundu ya nusu inchi, upana wa sentimita 90, mita 8.

Kwa mama mmoja na vifaranga hadi 15, kizimba kiwe na urefu wa mita 2, upana sentimita 90, kimo sentimita 60. Mbao za mbili kwa mbili: vipande 4 vya mita 2, vipande 4 vya sentimita 90, na nguzo 6 za sentimita 60, yaani nne za pembeni na mbili za katikati. Ukijumlisha na fremu ya mlango, mita 18 zinatosha. Kule Mufindi mabanzi ya misindano yanafaa na ni ya bei ndogo, ila yasiguse udongo bila kupakwa oili chafu, na oili ikauke kabisa kabla kuku hawajaingia.

Wavu unapigiliwa kwa nje ya fremu, si ndani. Mnyama akiusukuma anausukumia kwenye mbao. Ukiwa kwa ndani, anausukuma ukachomoka na stepo zake. Piga stepo kila baada ya sentimita 10. Zungushia pande nne, mita 5 na sentimita 80, hivi: sentimita 60 zisimame, na 30 zilizobaki uzilaze juu ya ardhi kwa kutoka nje. Hizo 30 ndizo zinazomshinda nguchiro, kwa sababu yeye huchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi, na hapo anakuta wavu. Pembe nne zitabaki wazi, weka mawe.

Juu, sentimita 80 za upande mmoja ziezeke kwa bati, zinazobaki ziwe wavu ili jua liingie. Mvua za Rungwe hazinyeshi wima, kwa hiyo bati lichomoze sentimita 20 nje ya fremu pande zote, liinamie nyuma, na chini yake kuta za pembeni uzibe kwa mbao au gunia la plastiki hadi usawa wa kifua cha kuku. Kizimba hiki hakina sakafu. Kisogeze urefu wake mmoja kila siku, wapate majani mapya na wasikanyage kinyesi cha jana. Wiki za mvua nzito kiache mahali pamoja palipoinuka, mwaga maranda unene wa sentimita 5, na ubadilishe yakianza kunata mkononi.

Usiku mama na watoto warudi banda kubwa. Kizimba cha wavu ni ngao dhidi ya ndege na nguchiro wa mchana. Kicheche mwenye usiku mzima wa kufanya kazi atapata upenyo.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kuhusu nyavu chakavu za uvuvi zinazoletwa kutoka Kyela. Zinafaa sana kufunika uwanja wa mita 4 kwa 5, juu ya nguzo za mita 2.2 ili mtu apite. Ila zivutwe zikakaza. Wavu uliolegea unaninginia, na ndege akishuka ananasa. Ukague asubuhi na jioni. Ukikuta mwewe au bundi amenasa, mtupie kanga kichwani kwanza. Akiwa gizani hutulia. Kamata miguu yote miwili juu ya kucha kwa mkono mmoja, kata nyuzi kwa mkasi kuanzia bawani, usizivute. Hatari yake iko kwenye kucha zaidi kuliko mdomo.

SWALI: Mimi napoteza tetea, si vifaranga. Mara tatu nimekuta manyoya yametapakaa mviringo chini ya miwati, kifua kimeliwa, mzoga umebaki. Mwewe gani huyu? (Njombe)

Si mwewe, ndugu. Ni kipanga, na ni mwindaji wa namna nyingine kabisa.

Kwenye mashamba ya milingoti, misindano na miwati wako vipanga wa aina mbili wanaokuhusu. Mkubwa ni mweusi mgongoni na mweupe kifuani. Jike lake, ambalo ni kubwa kuliko dume, hufika kilo moja. Hupenda kujenga kiota kwenye panda za milingoti mirefu, na mashamba ya miti ya kupandwa yamempa makazi mengi. Mdogo ana mgongo wa kijivu na michirizi ya mlalo kifuani. Alfajiri huzunguka juu ya miti akitoa mlio mkavu mmojammoja, kila baada ya sekunde chache. Mdogo huchukua vifaranga wakubwa na kuku wa umri wa kati. Tetea aliyekomaa ni kazi ya yule mkubwa.

Mwewe huwinda kutoka juu, uwanja wazi. Kipanga hukaa ndani ya mti, kimya, kisha hutoka chinichini kwa kasi akipita katikati ya vigogo. Hawezi kubeba kuku mzima, hivyo humnyonyoa palepale na kuanza na kifua. Ndiyo sababu ya ule mviringo wa manyoya. Na ndiyo sababu kamba na nyavu za juu, zinazomzuia mwewe, kwake hazina maana ikiwa pembeni pako wazi.

Fanya haya. Wafungie kuku wote ndani kwa siku 10. Kipanga aliyepata chakula mahali fulani hurudi hapohapo, na asipokuta kitu siku kadhaa mfululizo huhamia kwa njiwa na kwale, ambao ndio chakula chake cha kawaida. Mzoga unaoukuta usiuache ukidhani utamshibisha. Mwisho wake unaleta nguchiro na mbwa. Ukiwafungulia tena, iwe saa 4 asubuhi badala ya saa 12 na nusu, na warudi ndani kabla ya saa 11 jioni, kwa kuwa huwinda zaidi mwanzo na mwisho wa siku.

Kisha hamisha chakula. Wengi humwaga mahindi pembezoni mwa shamba la miti kwa sababu pana kivuli, na kuku wanazoea kukaa pale. Mahali pa kulia pawe angalau mita 30 kutoka mti wa kwanza, na katikati weka vivuli vya chini: meza za mabanzi, kimo sentimita 40 hadi 50, ukubwa wa mita 1 kwa 1.5, moja kila baada ya hatua nane au kumi. Kuku akisikia mlio wa jogoo anaingia chini, na kipanga hana nafasi ya kukunjua mabawa humo. Vichaka vizito vinavyogusa ardhi havifai kwa kazi hii, vinamficha nguchiro. Punguza matawi ya chini mpaka uone ardhi ukichuchumaa.

Kama kiota kiko kwenye shamba lako, jua kwamba tangu kutaga mpaka makinda yaruke ni takriban miezi mitatu, na kipindi hicho ndicho wanachowinda kwa nguvu. Usikiangushe. Ongeza ulinzi kwa miezi hiyo, baadaye shinikizo linapungua lenyewe.

SWALI: Ni kweli ukiwapaka vifaranga rangi ya zambarau mwewe hawagusi? Na hizi sidii zinazoning'inizwa? (Uyole)

Kwa muda, ndiyo. Mwewe ni mwoga wa kitu asichokijua. Akiona kifaranga cha zambarau anasita. Akishaona kwa wiki mbili kwamba kinatembea na kulia kama wengine, anakula. Ukitaka kujaribu tumia rangi ya chakula iliyokorogwa na maji ya vuguvugu, pakaa mgongoni tu, saa 4 au 5 jua likiwepo, wakauke. Rangi za nyumba na za mafuta usiguse: vifaranga hudonoana na kuila. Asubuhi ya baridi ya Uyole kifaranga kilicholowa kinaweza kufa kabla mwewe hajaamka.

Sidii, makopo, na sanamu lenye koti la babu ni hadithi ileile. Yahamishe kila baada ya siku mbili au tatu, na yatumie wakati ule tu unapoyahitaji. Kinachodumu kuliko vyote hivyo ni kamba. Funga kamba za nailoni sambamba juu ya uwanja, kimo cha mita 2.2, mita moja kutoka kamba hadi kamba, na vipande vya plastiki nyeupe kila hatua ili azione. Mabawa ya mwewe yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu, na anachokiogopa ni kushindwa kupanda tena akishashuka.

SWALI: Jirani ananishauri nitie dawa ya wadudu kwenye utumbo wa kuku niuweke juu ya bati, mwewe wote waishe kwa siku moja. Dawa ninayo. Niweke kiasi gani? (Igurusi)

Hatutakupa kiasi, ndugu yetu, na tunakuomba uisome sababu hadi mwisho.

Kwanza, hawataisha. Mwewe ni ndege wa kusafiri. Kufa kwa wawili kunaacha nafasi ya wengine wawili wiki inayofuata, nawe utakuwa umelala ukidhani umemaliza. Pili, utumbo haukai juu ya bati. Kunguru anaubeba, anaudondosha uani kwa mtu, mbwa anaula, nguruwe anaula, kuku wako mwenyewe anadonoa matapishi ya aliyekufa. Dawa za jamii ya karbofurani zinaua kwa kiasi kidogo mno, na mtoto anayeokota kunguru aliyekufa ili acheze naye yuko hatarini.

Tatu, hapo ulipo si mbali na Hifadhi ya Taifa Ruaha. Tumbusi huruka mamia ya kilomita wakitafuta mizoga, na sumu ndiyo inayowamaliza kuliko kitu kingine. Tumbusi mgongo-mweupe aliwekwa mwaka 2015 kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Mzoga mmoja wenye sumu huua makumi kwa mkupuo, kwa sababu hula pamoja. Na tumbusi hajawahi kumgusa kifaranga wa mtu.

Nne, ni kosa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuua mnyamapori bila kibali, na ndege wamo. Sumu kama njia ya kuwindia nayo ni kosa. Ukiwa na tatizo lililokushinda, pa kwenda ni kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Anza na hicho ulichotaka kukitia sumu. Utumbo, manyoya na vichwa vya kuku vikitupwa uani ndivyo vinavyomfundisha mwewe njia ya kwako. Tazama wanavyojaa kwenye machinjio na madampo. Chimba shimo la sentimita 60, fukia siku ileile, funika kwa jiwe. Mwezi wa Agosti hadi Novemba, mwewe wengi wakiwa wanalisha makinda, usafi huu peke yake hupunguza ziara zao kwa namna utakayoiona.

SWALI: Tukiwafungia wiki nne watakula nini? Na huku kwetu baridi. Ni miezi gani mizuri ya kuangulisha? (Makete)

Tuanze na miezi, maana Makete mna maadui wawili wanaopokezana: Juni na Julai ni baridi na sakitu, Agosti hadi mvua ni mwewe. Walalishe kuku wiki ya kwanza ya Machi. Siku 21 baadaye, mwisho wa Machi, wanaangua. Wiki nane zinaishia mwisho wa Mei, vifaranga wameshaota manyoya kamili kabla baridi haijauma. Mkupuo wa pili walalishe mwanzoni mwa Septemba. Hao wataangukia msimu wa mwewe, lakini wakiwa kizimbani, na watatoka mwishoni mwa Novemba nyasi zikiwa zimeanza kuota na kumbikumbi wakiruka. Mwezi huo utaona pia vikozi vidogo vingi, wageni kutoka ng'ambo, wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Waache, wamefuata wadudu.

Walalishe kuku kadhaa siku moja, ili ulinzi uwe mmoja. Anayeanza kuatamia mapema mpe mayai mawili ya kuchemsha ayakalie mpaka wenzake wawe tayari, kisha wape wote mayai mazima usiku mmoja, 10 hadi 13 kila mmoja. Wakiangua unaweza kumpa mama mmoja watoto wa mwenzake, usiku, wakiwa na umri uleule. Sehemu za joto anabeba hata 20. Makete usizidishe 15, wanaobaki nje ya mbawa watakufa kwa baridi.

Kama unatumia kinengunengu, yaani boksi la kulelea vifaranga, badala ya mama, jaza majani makavu au maranda kati ya boksi la nje na la ndani, unene wa kiganja, na usiyashindilie: hewa iliyomo ndiyo inayohifadhi joto. Jiko la mkaa likitumika, liwashiwe nje mpaka moshi na harufu viishe, na chumba kiwe na tundu la hewa juu. Vifaranga wakisongamana katikati wana baridi, wakikimbilia kingo wana joto, wakitawanyika na kula wako sawa. Huhitaji kipimajoto kama unatazama.

Chakula. Kifaranga mmoja hula gramu 10 hivi kwa siku wiki ya kwanza, ikipanda kwa gramu 5 kila wiki hadi 45 wiki ya 8. Ukijumlisha ni karibu kilo moja na nusu kila mmoja, kilo 18 na nusu kwa vifaranga 12. Mchanganyiko wa nyumbani unaokaribia kilo 10: mahindi yaliyoparazwa kilo 5, mashudu ya alizeti kilo 2, pumba za mahindi kilo 1.5, dagaa waliosagwa kilo 1.2, chokaa ya mifugo gramu 200, chumvi gramu 30. Dagaa wakiwa wa chumvi, chumvi iache. Wakiwa wamejaa mchanga, wapepete kwanza, la sivyo unawalisha mchanga kwa bei ya dagaa. Mahindi yenye ukungu usitumie hata kidogo: sumukuvu huanza na ini la kifaranga. Na weka majani mabichi yaliyokatwakatwa kila siku, mchicha au kabichi, kwa kuwa hawatoki.

Mama atakula chakula chote cha watoto usipomzuia. Tengeneza kijichumba cha fito zilizosimama ndani ya kizimba, nafasi ya sentimita 5 kati ya fito na fito. Watoto wanapita, yeye anabaki nje na mahindi yake.

SWALI: Bundi wamehamia darini mwa ghala. Wazee wanasema ni mkosi, vijana wanasema wanakula kuku. Tuwafukuze? (Vwawa)

Ya mkosi tunawaachia wazee. Ya kuku tunaweza kuyapima kesho asubuhi. Chini ya mahali bundi anapolala kuna mabonge meusi, makavu, ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Bundi humeza mzima, kisha hutema kisichosagika. Loweka bonge moja kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, lipasue kwa kijiti. Utakuta mafuvu yenye meno mawili marefu ya njano mbele, taya, na manyoya ya kijivu: panya. Ukitafuta mguu wa kifaranga utachoka.

Bundi mweupe wa darini hamgusi kuku aliye ndani ya banda. Bundi mkubwa mwenye masikio ya manyoya anaweza kumchukua kuku mdogo anayelala juu ya mti, na dawa yake ni kuwafundisha kuku kulala ndani: waingize kwa mikono usiku nne au tano mfululizo. Jambo moja tu: mkiwa na bundi, acheni sumu ya panya ile inayoua polepole kwa siku kadhaa. Panya aliyeila anazurura amelewa, bundi anamkamata, naye anafuata.

SWALI: Mwewe ndio wanaotuletea kideri? (Mbalizi)

Kideri husafiri na kuku wenyewe: wa mnadani, wa zawadi, wa matenga ya wachuuzi, pamoja na viatu na mikono ya watu. Mwewe na kunguru huingia pale unapotupa kuku waliokufa kwa kideri, wakabeba vipande. Fukia. Na chanja: chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kuku wote siku moja, vifaranga wakiwemo. Kuku anayeumwa ndiye wa kwanza kubebwa, na lawama yote inakwenda kwa mwewe.

SWALI: Kuna ndege mweusi mwenye kishungi kirefu, kila jioni yuko juu ya nguzo karibu na vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni. Anawavizia kuku? Watoto wanampiga manati. (Kilolo)

Waambie watoto waache. Huyo ni tai mdogo mwenye kishungi, na akiruka utaona mabaka meupe kwenye mabawa. Chakula chake karibu chote ni panya, ndiyo maana amechagua bondeni penye nyasi na maji, si uani kwako. Mwenzake ni yule mwenye kifua cheupe, mgongo mweusi na mkia mwekundu, anayesimama hewani juu ya miteremko kama ametundikwa. Huyo hula fuko, panya, mijusi na nyoka. Akikuta kifaranga cha bure hatakataa, lakini kizimba kinammaliza hamu.

Kwa kuwa mnalima vinyungu, mnaweza hata kuwawekea mahali pa kukaa. Nguzo ya mlingoti ya mita 4, chimbia sentimita 60, juu pigilia mtambaa wa sentimita 40, unene wa mpini wa jembe ili vidole vishike. Iwe katikati ya shamba, nyasi zinazoizunguka zifyekwe mita mbili au tatu ili amwone panya akipita, na kutoka hapo hadi banda la kuku kusipungue mita 50.